Jiwe Nalo Linaoza



Leo ukurasa wetu wa usalama na afya unaleta somo juu ya jiwe. Labda mmoja atasema: «Mimi ninachimba jiwe kila siku, mtanifundisha nini tena?» Ndugu, soma mpaka mwisho. Mtu aliyetumika na jiwe miaka 20 anaweza kusahau upesi kwamba jiwe la leo asubuhi si lile la jana jioni.

Neno la kushika ni hili: jiwe linaoza. Haliozi kama nyama au muhogo. Linaoza bila harufu, kwa maelfu ya miaka, na macho hayaoni. Lakini siku yake ya kuanguka ikifika, halingojei mtu amalize kuvaa kaske.

MFANO WA NYUMBANI

Chukua msumari mpya. Utupe nje mwezi wa 11, wakati mvua inaanza. Mwezi wa 3 utauokota ukiwa mwekundu, umevimba, na ukiusugua kwa kidole unatoa unga. Unga huo ni kutu. Chuma kimekutana na maji na hewa, kimegeuka kitu kingine.

Sasa angalia udongo wa Lubumbashi, ule mwekundu unaoshika viatu na nguo za watoto, ule unaowachosha mama zetu kwa kufua. Unafikiri rangi ile imetoka wapi? Ni kutu vilevile. Mawe ya zamani yalikuwa na chuma kidogo ndani yake. Maji na hewa viliyala, mawe yakawa udongo, chuma chao kikawa kutu. Shamba unalolima leo lilikuwa mwamba zamani.

WATUMISHI WANNE WASIO NA LIKIZO

Wako watumishi wanne wanaovunja jiwe usiku na mchana. Hawajui siku ya Mungu wala likizo. Tuwataje mmoja mmoja.

1. Jua na baridi. Mwezi wa 6 na wa 7, usiku wa kwetu unaweza kushuka chini ya digri 10, na mchana joto linapanda mpaka digri 25 na zaidi. Kila kitu kikipata joto kinapanuka, kikipoa kinajikunja. Ngozi ya jiwe inapata joto wakati tumbo lake bado baridi. Siku nyingi zikipita, jiwe linapata nyufa nyembamba kama uzi.

Ongeza jambo moja la kazi yetu. Mwamba ulio chini sana umebanwa na uzito mkubwa wa mwamba wa juu. Sisi tukiondoa mzigo ule, mwamba unapumua, unajipanua, na nyufa zilizokuwa zimefungwa zinafunguka. Kwa hiyo ukuta mpya uliopasuliwa kwa baruti jana unaweza kuwa na nyufa leo ambazo jana hazikuonekana.

2. Maji. Lubumbashi inapata milimita 1.200 hivi za mvua kwa mwaka, na karibu zote zinashuka kati ya mwezi wa 11 na wa 4. Milimita 1.200 ni kitu gani? Ni litre 1.200 juu ya kila metre moja ya mraba. Kama lupango yako ina metre 20 kwa 20, mvua ya mwaka mmoja inakumwagia litre 480.000, yaani mapipa 2.400 ya litre 200. Mapipa hayo yanakwenda wapi? Mengine yanakimbia mtoni, mengine jua linayarudisha juu, na mengine yanaingia chini, katika kila ufa.

Tena maji ya mvua si maji matupu. Yanashika gesi ya hewa, na yakipita katika majani yanayooza yanashika nyingine zaidi, yanakuwa na ukali kidogo kama maji ya soda. Ukali huo unayeyusha mawe ya jamii ya chokaa. Chini ya nchi yetu ya Katanga jiwe la dolomi, ambalo ni la jamii hiyo, ni lingi sana. Ndiyo sababu kuna mapango, na ndiyo sababu migodi yetu ina maji mengi. Wazee wa Kipushi, karibu kilometre 30 kutoka Lubumbashi, wanajua: pampu ziliposhindwa mwaka 2011, maji yalipanda yakafunika sehemu ya chini ya mgodi, na kazi ya kuyatoa ilichukua miaka.

3. Hewa. Katika hewa tunayovuta kuna oksijeni. Ndiyo inayotengeneza kutu. Madini mengi ya chini yana salfa, yaani kibiriti, ndani yake. Oksijeni na maji vikiyakuta madini hayo, inazaliwa asidi, ya jamii moja na ile ya betri ya gari. Asidi hiyo inakula mwamba, inakula reli, bomba, ngazi na bolti zinazoshika dari. Bolti inaweza kuonekana nzima kwa kichwa na kuwa imelika shingoni, ndani ya tundu.

4. Mizizi na wadudu. Mti wa pori unaingiza mzizi mwembamba kama unywele katika ufa. Mwaka kwa mwaka mzizi unanenepa, unakuwa kama kabari. Mchwa nao wanapandisha udongo laini kutoka chini na kujenga vichuguu vinavyopita nyumba kwa urefu. Udongo ule ndio tunaofyatulia matofali ya kuchoma. Mchwa na sisi, wote tunatumia jiwe lililokwisha kuoza.

KUOZA KULIKOTUPA SHABA

Msifikiri watumishi hao wanne ni adui tu. Bila wao Lubumbashi isingekuwa hapa.

Chini sana, shaba ya Katanga imeshikana na salfa. Zamani za kale maji na hewa vilishuka kutoka juu, asidi ikazaliwa, shaba ikayeyuka na kutembea ndani ya maji. Ilipokutana na jiwe la dolomi, asidi ilipoa, na shaba ikageuka jiwe la kijani: malakiti. Katika kilo 100 za malakiti safi kuna karibu kilo 57 za shaba. Kobalti nayo iligeuka jiwe jeusi ambalo watu wengi wa Kolwezi wanalijua. Kazi hiyo ya kuoza ilishuka makumi ya metre, na mahali pengine ilipita metre 100.

Babu zetu wafua shaba walichukua malakiti, wakaiweka pamoja na makala katika tanuru ya udongo, wakavukuta, na shaba ikatoka. Waliweza kwa sababu malakiti haina salfa: maji na hewa vilikuwa vimekwisha kufanya nusu ya kazi. Kwa shaba hiyo walitengeneza ile misalaba iliyotumiwa kama feza. Hata leo, msalaba wa zamani ukifukuliwa kaburini, unatoka wa kijani. Shaba inarudi kuwa jiwe, kama msumari wako unavyorudi kuwa udongo mwekundu.

Wazungu walipokuja kutafuta shaba, waliona vilima ambavyo miti haioti, lakini kuna majani mafupi na maua madogo yanayovumilia sumu ya shaba. Ua moja linaitwa «ua la shaba» mpaka leo. Udongo ulikuwa umejaa shaba iliyotoka katika jiwe lililooza. Mgodi wa Étoile, yaani Kalukuluku, ulianza hivyo, na tarehe 30 mwezi wa 6 mwaka 1911 tanuru ya Lubumbashi iliwashwa kwa mawe yaliyotoka kule.

KUOZA KULEKULE KUNAUA

Sasa tunafika kwenye kiini cha somo, ndugu. Kama madini ya juu ni mepesi kuchimba kwa sababu jiwe limeoza, basi jiwe hilo haliwezi kusimama kama jiwe zima. Weka neno hili moyoni: PALE PANAPOCHIMBIKA UPESI, NDIPO PANAPOANGUKA UPESI. Mchimbaji anafurahi akiona baruti kidogo tu inatosha. Afurahi, lakini ageuke aangalie ukuta ulio nyuma yake.

Jiwe zima la metre moja kwa kila upande lina uzito wa tani 2 na nusu na zaidi. Udongo mkavu wa kipimo hicho una karibu tani 1 na nusu. Ukishiba maji unafika karibu tani 2. Mvua inaongeza uzito wa ukuta, na wakati uleule inalainisha tabaka za udongo zilizo kati ya mawe. Ni kama kuongeza mizigo juu ya lori na kupaka sabuni barabarani.

Tuhesabu tena. Jiwe likianguka kutoka metre 10 juu, linafika chini kwa sekunde moja na nusu, na mwendo wake ni kama wa gari linalokimbia kilometre 50 kwa saa. Hesabu wewe mwenyewe: moja, mbili. Umegeuka? Umeona? Umekimbia? Hakuna nafasi. Ni kwa hiyo tunasema kukimbia si ulinzi. Ulinzi ni kuangalia kabla.

Wengine wanafikiri hatari ni wakati wa mvua tu. Si kweli. Tarehe 27 mwezi wa 6 mwaka 2019, katika karieri ya KOV karibu na Kolwezi, ngazi za ukuta ziliporomoka juu ya wachimbaji wa mkono, kreseri, waliokuwa wameingia. Watu zaidi ya 40 walikufa. Mwezi wa 6 kwetu si mwezi wa mvua. Ukuta unaweza kushika nyufa za miezi mingi na kuchagua siku ya jua kuanguka. Tunawakumbuka ndugu wale si kwa kuwahukumu, lakini ili familia nyingine isilie.

NAMNA YA KUJILINDA

1. Kabla ya kuanza zamu, simama mbali na angalia ukuta wote, kuanzia juu mpaka chini. Tafuta nyufa mpya nyuma ya ukingo wa juu, mawe yaliyotokeza, miti iliyoinama, maji yanayotoka mahali yalipokuwa hayatoki.

2. Gonga mwamba kwa mtaimbo. Jiwe zima linalia kama kengele. Jiwe lililoachana na mwenzake linalia kama ngoma iliyolowa. Ukisikia sauti ya ngoma, usipite chini yake.

3. Jiwe lililolegea linaangushwa na watu waliofundishwa kazi hiyo, na mtaimbo mrefu. Wanasimama mahali palipokwisha kugongwa na kuonekana pazima, kwa upande, si chini ya jiwe, na nyuma yao njia ya kutokea iko wazi. Mmoja anatumika, mwingine anaangalia.

4. Baada ya mvua kubwa, na baada ya kila baruti, hakuna mtu kukaribia ukuta kabla shefu hajaukagua. Kama hajaukagua, mwulize. Kuuliza si uvivu wala kiburi.

5. Usichimbe kitako cha ukuta na kuacha kichwa chake kikining'inia. Madini yaliyo chini yanavutia, lakini ukuta usio na miguu unalala juu ya mtu aliyemkata miguu.

6. Usikae kula wala kupumzika katika kivuli cha ukuta. Kivuli kile ni kizuri saa sita, lakini mwenye kivuli hana rafiki.

7. Changarawe zikianza kuteremka zenyewe, au vumbi likitoka katika ufa bila upepo, toka mara moja, ita wenzako, usirudi kuchukua chombo. Chombo kinanunuliwa.

8. Chini ya ardhi, bolti, ngazi au kamba ya chuma yenye kutu, mwambie kapita siku ileile. Usiseme: «Wa zamu ya usiku ataona.»

VUMBI NA MAJI

Jiwe likioza, sehemu moja yake haiozi kwa upesi: ni kwarzi, ile chembe ngumu inayong'aa katika mchanga. Wenzake wakigeuka udongo, yeye anabaki. Tukitoboa, tukisaga au tukifagia, kwarzi inapaa ikiwa unga mwembamba ambao jicho halioni. Unga huo unaingia ndani kabisa ya mapafu na hautoki. Miaka ikipita mapafu yanapata makovu, mtu anakosa pumzi akipanda hata ngazi tatu. Ugonjwa huo unaitwa silikozi. Hauna dawa ya kuurudisha nyuma, tena unafungulia mlango kifua kikuu. Kwa hiyo: toboa kwa maji, lowesha kabla ya kufagia, vaa kinga ya pua na mdomo inayobana vizuri, si kitambaa tu. Acha nguo za kazi kazini. Kama lazima zifike nyumbani, mama asizikung'ute. Azilowe kwanza ndani ya maji, kisha azifue mbali na nguo za mtoto.

Na maji yanayotoka katika mwamba wenye madini? Yakiwa na rangi ya kijani au ya buluu, au yakiacha kutu nyekundu juu ya mawe, ujue yamebeba madini, na pengine asidi. Lakini hata yakiwa meupe, hayana hakika. Yasinywewe, mtu asioge ndani yake, wala mihogo isilowekwe humo.

NYUMBANI

Watumishi wanne wasio na likizo wanafika hata kwenye lupango yako. Angalia nyumba ya matofali mabichi: mvua inagonga chini, tope linaruka, na kitako cha ukuta kinalika mpaka kinakuwa chembamba kuliko kichwa. Ni hatari ileile ya karieri, na hapa wanalala watoto. Jenga msingi wa mawe au wa matofali ya kuchoma, acha mabati yatokeze mbali na ukuta, chimba mfereji wa kupeleka maji mbali. Kama nyumba ina saruji yenye vyuma, usiache ufa wazi. Kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, kwa hiyo inapasua saruji kutoka ndani.

Mtoto asicheze ndani ya shimo la udongo wa matofali, wala chini ya kichuguu kilichochimbwa ubavuni. Na wewe baba, usichimbe ndani ya lupango kutafuta madini. Kule Kolwezi, katika mtaa wa Kasulo, kuanzia mwaka 2014 hivi, watu walichimba mashimo uani na hata chini ya vyumba, kwa kuwa jiwe jeusi la kobalti lilikuwa karibu na lililainika. Jiwe lililainika, ndiyo. Lakini nyumba ilikuwa imesimama juu ya jiwe hilohilo.

JIPIME

Soma maswali haya pamoja na bibi na watoto, jioni baada ya bukari. Jibu kwanza, kisha tazama chini.

1. Kwa nini udongo wetu ni mwekundu?
2. Malakiti ilizaliwa namna gani?
3. Mwamba ukigongwa unalia kama ngoma iliyolowa. Maana yake nini?
4. Kwa nini kukimbia si ulinzi?
5. Mama afanye nini na nguo zenye vumbi la kazi?

Majibu: 1. Una kutu ya chuma kilichokuwa ndani ya mawe. 2. Shaba iliyeyushwa na asidi, ikakutana na jiwe la dolomi. 3. Jiwe limeachana na mwenzake, linaweza kuanguka. 4. Jiwe la metre 10 juu linafika kwa sekunde moja na nusu. 5. Azilowe kabla ya kuzigusa sana, asizikung'ute.

Wandugu, jua, maji, hewa na mizizi havitaacha kazi yao. Vilianza kabla ya babu wa babu zetu, na vitaendelea sisi tukiisha kustaafu. Hatuwezi kuvifukuza. Tunaweza kuvijua tu. Kesho asubuhi, kabla ya kushika chombo, inua macho, angalia ukuta, gonga, sikiliza. Dakika tano zile hakuna shefu mwenye akili atakayezihesabu kuwa hasara, na nyumbani kuna watu wanaongoja kusikia bote zako mlangoni.

Kazi njema, na kurudi salama.